Mizani ya Picha: Msanii na Nyumba ya Sanaa ya Ushirika, kwa Macho ya Usukumani

Wahakiki wetu wamezoea kuitazama picha na kuisahau nyumba ambamo imetundikwa. Hueleza mstari, rangi, mfano na maana, humtaja mchoraji na mahali alipozaliwa, kisha hufunga daftari. Yule aliyekubali kuweka brashi chini ili ashike ufunguo wa mlango, apokee fedha, aandike hesabu, agawe mapato na kusuluhisha ugomvi wa wenziwe, hutajwa kwa neno moja la shukrani, au hatajwi kabisa. Nia ya makala haya ni kuitazama nyumba hiyo. Nadai kwamba nyumba ya sanaa inayoendeshwa na wasanii wenyewe kwa ushirika nayo ni kazi yenye umbo na shabaha, yaweza kufaulu na yaweza kuharibika. Na kwamba umbo lake huingia katika picha zenyewe, hata mtu asiyejua lolote juu ya chama aweza kuliona ukutani akiwa na macho.

Msomaji atauliza kwa nini shauri hili lianzie Shinyanga na Geita, hali nyumba zilizopata sifa zilisimama Dar es Salaam na Nairobi. Nchi hiyo husifiwa kwa mambo mengine: almasi za Mwadui, alizozigundua Williamson mwaka 1940, dhahabu ya Geita, ambayo mgodi wake wa zamani ulifungwa mwaka 1966 na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza kazi mwaka 2000, na pamba, ambayo mkulima wa huko ameipalilia tangu zama za wakoloni. Hayo ni kweli. Lakini katika nchi hiyo hiyo watu walijua zamani sana kwamba sanaa yaweza kuwa mali ya chama, na kwamba fundi aweza kuwa wa watu wengi bila ya kupotewa na jina lake. Basi mtu akisema kwamba nyumba ya sanaa ya ushirika ni wazo la kigeni lililoletwa na wamisionari na wafadhili, mimi nitamwomba kwanza ashuke kusini ya Mwanza hata Shinyanga, kisha avuke ghuba aende magharibi hata Geita, ndipo atoe hukumu.

Tuanze na ngoma, maana ndiyo mlango wa sanaa zote za Wasukuma. Vyama viwili vikubwa vya wachezaji, Bagika na Bagalu, vyahadithiwa kuwa vilitokana na mabingwa wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, mafundi wa dawa na wa ngoma, walioshindana wasipate kupatana. Mtu huingia katika chama kwa kutiwa dawa na kumfuata mwalimu. Si lazima awe ndugu wa damu, wala mtu wa kijiji kimoja na wenziwe. Ningi, kiongozi wa waimbaji, hutunga nyimbo, na jina lake hujulikana mbali. Lakini ningi hachezi peke yake. Huhitaji wapigaji ngoma, wachezaji, wachonga sanamu, wenye kuzoea chatu. Na huhitaji pia watu ambao hakuna anayewaimba, wa kukusanya michango, kutafuta uwanja, kupokea wageni na kulisha kikosi. Mashindano yakifika, aghalabu baada ya mavuno, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja karibu karibu, na mshindi ni yule ambaye watazamaji wengi wamehamia kwake. Hapana mwamuzi mwenye karatasi. Miguu ya watu ndiyo hukumu.

Sanamu za Wasukuma zilizomo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, zile zenye mikono na miguu ya kuning'inia inayocheza, wengi wetu huzitazama kama vitu vya kiini macho au vya ibada tu. Zilikuwa silaha za uwanjani. Mchongaji alilazimika kuvumbua kitu ambacho upande wa pili hawakukitazamia, kwa kuwa kitu kilichozoeleka hakimtoi mtu mahali aliposimama. Ndani ya chama palikuwa na ushirika, na nje ya chama palikuwa na ushindani. Na ushindani ule wa nje ndio uliouweka ushirika wa ndani katika hali ya kuwa macho. Naomba jambo hili likumbukwe, maana nitalirudia nitakapofika Dar es Salaam.

Mfano wa pili ni wa uchoraji hasa. Bayeye, chama cha wenye kucheza na nyoka na wenye kujua dawa za sumu yake, walikuwa na nyumba za mafunzo ambazo kuta zake zilichorwa. Hans Cory, mtu wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, na ambaye hati zake nyingi zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa kitabu juu ya michoro hiyo mwaka 1953. Humo twaona nyoka, watu wa hadithi, wahenga na viumbe vya mbinguni, vimechorwa kwa mistari minene isiyositasita. Mwanachama mpya alisimamishwa mbele ya ukuta akafundishwa, na ukuta ndio uliokuwa kitabu chake. Tukiyatazama mambo kwa haki, hii ni nyumba ya sanaa: ina wanachama, ina ada, ina kanuni, ina walinzi wa mlango, ina picha ukutani. Imekosa kitu kimoja tu, nacho ni mnunuzi.

Sisemi kwamba kukosekana kwa mnunuzi kulizifanya picha zile kuwa njema zaidi. Palikuwa na siri, na siri hufunga sanaa pia. Mwanamke aliyepita nje, au mtoto asiyeingizwa, hakufaidi chochote. Hata hivyo mstari wa michoro ile una uthabiti ambao siuoni mara nyingi katika picha za kuuzwa, na naona sababu yake ni hii: mchoraji alimjua mtazamaji wake. Alijua kwamba atakayesimama mbele ya ukuta ataelezwa, hivyo hakuwa na haja ya kueleza kila kitu kwa rangi. Mchoraji wa leo hamjui mtazamaji wake. Picha itafungwa katika karatasi na kupanda ndege, na kwa hofu ya kutoeleweka, mchoraji hujaza kila pembe.

Hapa hapana budi kuingiza habari za pamba. Vyama vya ushirika vya Jimbo la Ziwa, vilivyoanza katika miaka ya mwanzo ya 1950, Paul Bomani akiwa mmoja wa viongozi wake, vilizaliwa juu ya mizani. Mkulima aliyeleta mzigo wake kwa mnunuzi hakuamini uzani aliosomewa, akataka mtu wa kwake asimame penye mizani. Kutoka katika dai hilo dogo ukaundwa, mwaka 1955, Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Victoria, uliohesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya Afrika. Habari zilizofuata zajulikana: vyama vilivunjwa na serikali mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na katika kuvunjwa na kurudishwa mkulima alipoteza sehemu kubwa ya imani yake. Mzee wa Shinyanga ukimtajia ushirika leo, atakuuliza kwanza nani atashika fedha. Ni swali la mtu aliyekwisha kuona, wala si la mtu asiyependa umoja.

Sasa, pamba ina kilo na ina daraja. Mizani ikisemwa kweli, haki imepatikana. Lakini picha haina kilo. Wasanii wanapoungana wauze pamoja, hutafuta mizani kwa lazima, kwani hawawezi kugawana wala kupanga bei bila ya kipimo wanachokubaliana. Na kipimo kilicho karibu na mkono ni ukubwa. Picha ya futi mbili kwa mbili bei yake hii, ya futi tatu bei yake ile. Hapo pana haki ya namna yake, maana hakuna atakayemwonea mwenziwe. Na hapo pana hatari yote. Chama kikishapima kwa futi, mchoraji aliyekesha siku tisa na mchoraji aliyemaliza kabla ya adhuhuri wamekuwa sawa sawa, na haitapita miaka mingi kabla ya yule wa siku tisa kujifunza kumaliza kabla ya adhuhuri.

Kwa maneno haya tayari nimeingia Oyster Bay. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kupaka baiskeli na juu ya vipande vya hadibodi. Ubao mzima wa futi nne kwa nane hutoa vipande vinane vya futi mbili mraba, na hiyo ndiyo asili ya umbo lile la mraba tunalolijua sana. Duka la mbao lilikata sanaa kabla ya msanii. Picha zake za kwanza, chui au ndege au fisi mmoja aliyejaza mraba wote, mgongo ukigusa ukingo, macho yakimtazama mtu uso kwa uso, zina utulivu wa ajabu. Pana nafasi tupu, na nafasi hiyo haiogopwi. Alipouawa mwaka 1972 kwa risasi za polisi waliodhani kwamba wanamfukuza mhalifu, alikuwa amechora kwa muda usiofika miaka mitano. Waliobaki walikuwa ndugu na wanafunzi wake, miongoni mwao January Linda, Simon Mpata, Adeusi Mandu, Casper Tedo na Ajaba Abdallah Mtalia. Waliendelea kuchora na kuuza pale pale Morogoro Stores, na mwaka 1990 wakaandikishwa kuwa chama cha ushirika.

Watu wengi wenye elimu hukidharau chama hicho. Husema kwamba wachoraji wake hunakiliana, kwamba tembo wa huyu ni tembo wa yule, kwamba watalii ndio waliowaharibu. Dharau hiyo siishiriki, ingawa ushahidi wake upo mbele ya macho. Ni mara ngapi katika nchi hizi kundi la watu wasio na chuo, wasio na mfadhili mkubwa, wasio na mwalimu ila maiti mmoja, limeweza kukaa pamoja kwa nusu karne na kuwafundisha wajukuu zake ufundi ule ule? Chuo Kikuu hakijafanya zaidi ya hapo. Mtoto aliyekuja kutoka Tunduru hana kitu, alipewa brashi, akaonyeshwa jinsi ya kupaka mandhari kwanza, akaachiwa madoa ya chui, akaachiwa chui mzima. Hiyo ni njia ya kale ya kila ufundi, na fundi wa Lamu aliyejifunza kuchonga nakshi za milango hakujifunza kwa njia nyingine.

Kosa liko kwingine. Chama hiki kilikuwa na udugu ndani na hakikuwa na mshindani nje. Wanachama waliouza ukutani mamoja walishindana wao kwa wao, kila mmoja akimtazama mnunuzi yule yule aliyeshuka katika gari. Mgeni akinunua picha ya simba watatu leo, kesho kuta zote zina simba watatu. Katika uwanja wa Bagika na Bagalu mambo yangekuwa kinyume: ningi aliyerudia alichokiimba mwaka jana angeona migongo ya watu. Hapa aliyerudia ndiye aliyelipwa. Lawama si ya mchoraji wala si ya mtalii peke yao, ila ni ya umbo la nyumba. Pamoja na hayo, jina la marehemu lilikuwa mali ambayo hakuna aliyeilinda mapema, na picha nyingi zenye saini yake zilichorwa na mikono mingine. Chama chenye mwandishi mwenye daftari, tangu mwaka ule wa 1972, kingeliweza kusema ipi ni ya nani. Laiti daftari hilo lingalikuwapo, historia ya uchoraji wa Tanzania ingeandikwa kwa namna nyingine.

Wachimbaji wadogo wa Geita wana neno linalonifaa hapa. Mawe yenye dhahabu yakishasagwa katika karasha na kuoshwa, mchanga unaobaki huitwa marudio. Mtu asiyejua hudhani ni takataka. Wenye kujua huununua, huupeleka kwenye matangi, na mara nyingi dhahabu inayotoka humo si haba kuliko ile ya mwosho wa kwanza. Ninazitazama picha za Morogoro Stores kwa jicho hilo. Nyingi ni marudio. Na mhakiki avivu hupita. Lakini ndani ya marudio hayo mmeketi picha kadhaa, za hospitali, za sokoni, za mganga na wagonjwa wake, ambamo mchoraji mmoja, akiwa amechoka na simba, aliingiza jirani zake na maneno yao. Ni kazi yetu kuzichenjua. Hatukuifanya.

Mpinzani mkubwa wa kunakili katika Afrika ya Mashariki alikuwa Mtanzania mwingine, wa mwaka ule ule wa 1932, Elimo Njau wa Marangu. Alisoma Makerere katika shule ya uchoraji iliyoanzishwa na Margaret Trowell, na mwishoni mwa miaka ya 1950 akachora katika kanisa la Murang'a maisha ya Kristo katika mashamba na vilima vya Wakikuyu, watu wake wakiwa weusi na mvua ikiwa mvua ya huko. Mwaka 1965 aliungana na wenziwe Nairobi, miongoni mwao Terry Hirst, Hilary Ng'weno, Jonathan Kariara, James Kangwana na Pheroze Nowrojee, wakafungua nyumba waliyoiita Paa ya Paa. Jina lenyewe lastahili kutazamwa na wanafunzi wa lugha: la kwanza ni mnyama, la mwisho ni kitenzi, na maana iliyokusudiwa ni paa anayepaa. Mwenye kushika sarufi atalalamika kwamba kiumbe hai kimenyimwa upatanisho wake, na kwamba ingelifaa kusemwa paa apaa; mwingine atasikia humo paa la nyumba. Siwaungi mkono walalamishi. Jina limekaa masikioni mwa watu kwa zaidi ya nusu karne, na sarufi imelivumilia.

Angalia waanzilishi hao ni nani: mchoraji, mwalimu wa sanaa aliyekuwa pia mchora vikatuni, mwandishi wa habari, mshairi, mtu wa redio, mwanasheria. Huu haukuwa ushirika wa kuandikishwa kama ule wa pamba, ulikuwa urafiki wa watu wenye kazi mbalimbali. Ubora wake ulikuwa hapo, kwa kuwa mchoraji alipata wa kubishana naye asiyegombea mteja wake. Udhaifu wake ulikuwa hapo pia, kwa kuwa wasioishi kwa uchoraji huitwa na kazi zao, na anayebaki na ufunguo ni mchoraji. Alibaki Njau, na baadaye Phillda Ragland Njau pamoja naye. Mafundisho yake yalikuwa makali: aliona kunakili kuwa ni kumlaza usingizi Muumba aliye ndani ya mtu. Nyumba ilipoungua mwaka 1997, ziliteketea picha na pamoja nazo kumbukumbu za zaidi ya miaka 30, wakaanza upya.

Nasema kwa heshima, na wenye maoni mengine waseme: jina la Elimo Njau latajwa leo kwa ajili ya nyumba yake kuliko kwa ajili ya michoro yake, na kuta za Murang'a zilitupa haki ya kutazamia kuta nyingine nyingi. Kila chumba alichokifagia kwa ajili ya kijana mwingine kilikula saa ya uchoraji wake. Je, alikosea? Wahakiki wa nchi za nje watajibu ndiyo upesi, kwa sababu kwao msanii ni mtu wa kazi zake tu. Mwenyeji wa Usukumani hangejibu upesi hivyo. Kwake ningi ambaye hakulea ningi mwingine, hata akiimba vizuri namna gani, ameacha uwanja mtupu.

Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1972 kwa juhudi za Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll, sitaieleza kwa urefu, maana wengine wamekwisha kuandika. Nitaje jambo moja. George Lilanga aliingia humo kwa mkono wa mjomba wake Augustino Malaba, na kazi yake ya kwanza ilikuwa ulinzi. Mlinzi huyo akawa mchoraji aliyejulikana duniani kabla ya kufariki mwaka 2005. Nyumba ambayo mlango wake hulindwa na mtu anayeweza kesho kuchora ndani yake ina kitu ambacho nyumba za biashara hazina, hata kama hesabu zake zina matundu.

Sasa tumtazame huyo msanii anayejiunga, kisha akachaguliwa. Siku ya kwanza ana furaha, amepata ukuta. Mwaka wa pili ni katibu. Tangu siku hiyo yeye ndiye mhakiki wa kwanza wa nchi, kabla yetu sisi wenye kuandika makala, kwani yeye huamua ipi itundikwe na ipi irudi nyumbani. Na haamui juu ya kazi za wageni, huamua juu ya kazi ya mtu anayekula naye, aliyemfundisha pengine, ambaye mtoto wake anaumwa. Tena picha zake mwenyewe ziko ukutani hapo hapo. Akitundika yake penye mwanga, ni mwizi; akiitundika nyuma ya mlango, ni mjinga. Akikataa picha mbaya ya mzee, amemvunjia heshima. Akiipokea, vijana wote wamejua kipimo. Nimesoma kurasa nyingi juu ya uhuru wa msanii, na sikumbuki ukurasa hata mmoja juu ya ujasiri wa kumwambia mwenzako, kwa adabu na bila mashahidi, kwamba picha hii bado. Mimi nadhani nyumba hizi huishi au hufa kwa sentensi hiyo. Nyumba ambayo hakuna anayeisema itageuka duka. Na nyumba ambayo mtu mmoja tu huisema kila siku itageuka shule ya mtu mmoja.

Wachimbaji wa Geita, ambao huonekana kwetu kuwa watu wa vurugu, wana utaratibu wa kugawana ambao wachoraji wangefaa kuujifunza. Mawe yakitolewa duarani, hugawanywa kwa mifuko pale pale penye mdomo wa shimo, mbele ya wote: ya mwenye leseni, ya mwenye duara, ya wachimbaji. Mgao hufanywa kabla ya mawe kusagwa, yaani kabla ya yeyote kujua mfuko upi una dhahabu na upi una mawe matupu. Haki yao imejengwa juu ya kutojua. Na mwenye duara hapewi sehemu yake kwa kuchimba. Hupewa kwa sababu alilisha watu, alinunua magogo ya kuzuia kuta, alilipa mafuta. Chama cha wasanii hufanya kinyume katika yote mawili. Hungoja picha iuzwe, ndipo kianze kugombana juu ya fedha iliyokwisha kuonekana. Na katibu aliyenunua balbu, kulipa pango na kukaa mlangoni siku nzima hupewa shukrani. Mtu wa kupewa shukrani miaka mitatu mfululizo hupata njia nyingine ya kujilipa, kisha tunasema ushirika haufai Waafrika. Agawiwe fungu lake mapema, lijulikane, liandikwe ukutani kwa herufi kubwa, na akae miaka michache kisha arudi kwenye rangi zake. Kama pumziko hilo halikuandikwa katika kanuni, halitakuja, kwa kuwa katibu mwema hapati mtu wa kumwondoa.

Kwamba watu wa huko wanaweza kuwekeana mipaka, sihitaji kuthibitisha. Ngitili, yale malisho yanayofungwa majira ya mvua ili yafunguliwe kiangazi, yalifufuliwa Shinyanga baada ya mradi wa Hifadhi Ardhi kuanza mwaka 1986, na vilima vilivyokuwa vipara vikaota miti tena. Kila mwenye ng'ombe mwenye njaa aliiona nyasi nzuri mbele yake, akajizuia. Wachoraji wakikubaliana kwamba simba watatu hawachorwi kwa miezi sita, hawatakuwa wamefanya jambo gumu kuliko hilo.

Iko shida moja ambayo siioni njia yake. Uwanja wa Bagika na Bagalu ulikuwa na watu, na Oyster Bay ilikuwa na wageni. Geita na Kahama kuna fedha, lakini fedha ya mgodini ina haraka. Hupita kwenye nyumba, pikipiki, ng'ombe, na pombe pia. Vijana wenye mkono wa kuchora wapo, wanaandika mabango ya maduka na kuchora migongo ya malori, kila mmoja peke yake chini ya mti wake. Tangu mwaka 2018 mji wa Geita una maonyesho ya teknolojia ya madini kila mwaka, watu hufurika, na vitu vinavyoonyeshwa humo ni mashine na mawe. Nani atakuwa wa kwanza kukodi banda moja, kulitia picha za karasha, za duara, za wanawake wanaoponda kokoto, na picha za upande wa pili zikiwa banda la jirani, za wachoraji wa Shinyanga, ili watu watembee kati ya mabanda mawili na kuchagua kwa miguu yao? Haitauzwa hata moja mwaka wa kwanza, nadhani. Mchimbaji atasimama mbele ya picha ya karasha, acheke, aonyeshe kwa kidole kwamba mkanda umechorwa upande usio wake, na mchoraji, kama ni katibu hodari, atamwomba jina lake na kuliandika daftarini.